Upasuaji wa Macho kwa Leza Nchini Marekani: Namna ya Kupunguza Gharama bila Kuhatarisha Macho

Nchini Marekani, upasuaji wa macho kwa leza wa kumwezesha mtu kuacha miwani hauhesabiwi kuwa tiba ya lazima, na kwa sababu hiyo bima za kawaida za afya hazilipii. Mgonjwa hutoa mfukoni mwake dola 2,000 hivi kwa kila jicho, na mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaolipa kodi ya nyumba huku na ada za shule nyumbani, hizo si fedha za kuchezea. Hata hivyo, gharama hiyo inaweza kushuka kwa kiasi cha kuridhisha, mradi mtu ajue kwamba nafuu ya kweli imo katika utaratibu wa mshahara wake na katika maswali anayouliza kabla ya kusaini, wala haimo katika tangazo la bei ya kutupa.

Nianze na hilo la matangazo, kwa kuwa ndiko wengi wanakonaswa. Mnamo Januari 2023, Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilitangaza hatua dhidi ya kampuni yenye kliniki za LasikPlus, iliyokuwa ikitangaza upasuaji kwa dola 250. Kwa maelezo ya tume, ni asilimia 6.5 tu ya waliofika kufanyiwa uchunguzi waliostahili bei hiyo kwa macho yote mawili, nao walikuwa watu wanaoona karibu sawasawa hata bila miwani. Wengine walitajiwa kati ya dola 1,800 na 2,295 kwa jicho moja. Kampuni ilitakiwa kulipa dola milioni 1.25. Kwa hiyo ukiona maneno "bei kuanzia" au "kwa kila jicho", piga simu kwanza, taja kipimo cha miwani yako, kisha uliza mtu mwenye kipimo kama hicho hulipa kiasi gani kwa macho yote mawili.

Kabla ya kutafuta fedha, hakikisha macho yako yanafaa. Unapaswa kuwa umetimiza miaka 18, na kipimo cha miwani yako kiwe hakijabadilika kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi. Mjamzito na anayenyonyesha hushauriwa kusubiri. Daktari hupima unene na umbo la konea, yaani ule utando angavu wa mbele ya jicho, na akiona dalili za keratokonasi, ugonjwa unaoifanya konea kuwa nyembamba na kuchongoka, atakataa kukupasua, na ni haki yake kukataa. Anayevaa lenzi laini machoni huziacha wiki mbili kabla ya kupimwa, kwa sababu lenzi hubadilisha umbo la konea na kuharibu vipimo. Aliyevuka miaka 40 aelewe pia kwamba hata upasuaji ukifanikiwa kabisa, huenda bado akahitaji miwani ya kusomea.

Sasa tuje kwenye fedha. Waajiri wengi huwapa wafanyakazi akaunti ya kulipia matibabu iitwayo FSA, ambayo mtu huichagua wakati wa kujiandikisha kwa bima ya mwaka unaofuata, aghalabu kati ya Oktoba na Desemba. Fedha zake hukatwa kwenye mshahara kabla ya kodi, na mamlaka ya kodi, IRS, inatambua upasuaji wa macho kwa leza kuwa matumizi halali ya akaunti hiyo. Kiwango cha juu kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 3,300. Mfanyakazi anayetozwa kodi ya mapato ya asilimia 12, ukiongeza makato ya asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, yaani hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, huokoa takriban dola 650 kwa kiasi hicho, bila kumwomba mtu yeyote punguzo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kiasi chote ulichochagua hupatikana tangu siku ya kwanza ya mwaka wa mpango, hata kama kilichokatwa ni cha mshahara mmoja tu. Unaweza kupasuliwa Januari na kuendelea kukatwa kidogo kidogo hadi Desemba, bila riba. Mume na mke wanaofanya kazi kwa waajiri wenye mpango huo wanaweza kila mmoja kufungua akaunti yake na kuzitumia zote kwa macho ya mmoja wao. Tahadhari ni kwamba fedha zisizotumika hupotea, isipokuwa sehemu ndogo ambayo baadhi ya waajiri huruhusu ivuke mwaka. Kwa hiyo fanya uchunguzi wa macho kabla ya kuchagua kiasi.

Mwenye bima inayomtaka alipe kiasi kikubwa mwenyewe kabla haijaanza kulipa anaweza kuwa na HSA, akaunti ya akiba ya matibabu ambayo salio lake halipotei, lakini haruhusiwi kuichangia huku yeye au mwenzi wake akiwa na FSA ya kawaida. Kadi ya bima ya miwani nayo isitupwe, kwani mipango kama EyeMed na VSP hutoa punguzo katika kliniki ilizoafikiana nazo. Hospitali za vyuo vikuu zenye madaktari wanaosomea ubingwa wakati mwingine hutoza kidogo chini ya uangalizi wa mabingwa, na walio katika utumishi kamili wa jeshi wanaweza kufanyiwa bure katika hospitali za jeshi.

Omba bei kwa maandishi kutoka kliniki mbili au tatu, na uhakikishe imejumuisha vipimo, dawa za matone, mahudhurio ya baadaye, na marekebisho endapo uoni utarudi nyuma. Linganisha pia njia mbili za upasuaji huo, LASIK na PRK. Katika LASIK daktari hukata kifuniko chembamba cha konea, akabadilisha umbo la konea kwa leza, kisha akakirudisha, na wengi hurejea kazini baada ya siku moja au mbili. PRK haina kifuniko na huwafaa wenye konea nyembamba, lakini ina maumivu ya siku kadhaa na uoni hutulia polepole. Kwa anayelipwa kwa saa, siku hizo za kukaa nyumbani ni sehemu ya gharama.

Ukishawishiwa kulipa kwa kadi ya mkopo wa matibabu "bila riba", soma sharti lake kwa makini, kwa sababu mara nyingi usipomaliza deni ndani ya muda uliowekwa, hutozwa riba yote tangu siku ya kwanza. Wanaofikiria kupasuliwa Nairobi au India wakati wa likizo wapange safari yenye nafasi ya kutosha, kwani daktari huhitaji kukuona ndani ya saa 24 hadi 48, kisha mara kadhaa kwa muda usiopungua miezi sita. Mtafute mapema daktari wa huku atakayekubali kukupokea ukirudi.

Siku ya malipo, dai risiti yenye jina lako, aina ya upasuaji, kiasi na tarehe uliyopasuliwa, kwa maana msimamizi wa FSA huangalia tarehe ya huduma, wala si siku uliyotanguliza malipo.