Somo: Kulala kwenye machela bila mgongo kuganda

Mara ya kwanza kulala kwenye machela, kile kitanda cha kitambaa kinachoning'inizwa kati ya miti miwili, ilikuwa Julai, msitu wa Magamba, juu ya Lushoto. Nilikuwa na mfuko mzuri wa kulalia, na blanketi juu yake. Kufika saa nane usiku kifua kilikuwa kinatoka jasho, mgongo na makalio vimekufa ganzi. Nilikesha. Sitaki likupate na wewe.

Baridi ya machela hutoka chini. Mfuko wa kulalia hutunza joto kwa hewa iliyonaswa kati ya nyuzi au manyoya yake. Ukiulalia, uzito wako unaikamua hewa hiyo, kinabaki kitambaa tu kati yako na upepo unaopita chini. Kwa hiyo hata ukirundika blanketi kumi juu, mgongo haupati kitu. Unahitaji godoro la kambi lenye kinga ya baridi, lisilobonyea likaisha.

Hatua ya 1: Godoro. Tazama kiwango cha R. Namba ikiwa kubwa, godoro linazuia baridi zaidi. Kwa Usambara wakati wa kipupwe sishuki chini ya 3. Viwango hujumlishwa: mkeka wa sponji wa 2 pamoja na godoro la 3 ni 5. Godoro la kawaida la kupuliza, lile la ufukweni, halifai, maana hewa huzunguka ndani yake na kuondoka na joto lako. Ukipata lenye upana wa sentimita 60 na kitu, chukua hilo.

Hatua ya 2: Kufunga. Mikanda ya kufungia mitini iteremke kwa nyuzi 30 hivi. Machela iliyokazwa kama kamba ya kuanikia nguo inakubana mabega. Iliyolegea inakuruhusu kulala kimshazari, mwili ukanyooka.

Hatua ya 3: Kuweka godoro. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu godoro huteleza usiku kucha. Machela yenye tabaka mbili ndiyo bora: lisukume katikati ya tabaka. Kama yako ni ya tabaka moja, liingize ndani ya mfuko wa kulalia, mtageuka pamoja. Usilijaze likawa gumu, litakubinua. Lijaze, lala juu yake, kisha fungua valvu kidogo kidogo mpaka nyonga ikaribie kugusa chini. Funga hapo hapo.

Halafu mabega. Machela huyakunja yakatoka nje ya godoro, na baridi huanzia hapo. Kata vipande viwili vya mkeka wa sponji, urefu wa mkono mpaka kiwiko, uvipachike kushoto na kulia. Vipande hivyo vimenifaa kuliko kifaa chochote cha bei.

Hatua ya 4: Shusha turubai la juu ya machela upande wa upepo. Kula ushibe, kojoa, vaa soksi kavu na mzula. Usipumulie ndani ya mfuko, utalowa.

Maswali ya wanachama

Kaka, niko Njombe. Godoro la kambi ni ghali, je, nikate sponji ya kitanda?

Hapana, ndugu yangu. Sponji laini inabonyea na kunywa maji. Tafuta mikeka miwili ya sponji ngumu, ile ya mazoezi, uipandanishe. Ila kwa Njombe ya Juni, sakitu ikiwa majanini, usiitegemee hiyo peke yake. Jaribu kwanza uani kwako, karibu na mlango.

Asubuhi nakuta godoro limelowa juu. Linavuja?

Halivuji. Ni jasho lako: godoro halipitishi mvuke, nao unageuka maji juu yake. Tandika blanketi jembamba la sufu katikati, na upunguze nguo ukihisi joto jioni.

Shikamoo mwalimu. Chupa ya maji moto inasaidia?

Marahaba. Sana. Iwe ya chuma ya tabaka moja, kifuniko kikazwe, uivishe soksi, uiweke kati ya mapaja. Chupa ya chai inayotunza joto haitakupa kitu, joto lake linabaki ndani. Na godoro libaki palepale chini yako. Maji yatapoa kabla ya alfajiri.