Vile unaweza kusoma ishara za nyani wakati wa kupandana

Kila wikendi watu wanaingia Mbuga ya Nairobi wanapata nyani wameketi kando ya barabara, mtu anaona jike mmoja makalio yamefura mekundu anaanza kusema maskini huyo ni mgonjwa, wengine wanacheka, wanapiga video kidogo alafu dereva anaambiwa twende tutafute simba. Mimi huumia nikiona hivyo, kwa sababu huyo jike hana ugonjwa wowote, anatangaza kitu, na madume wa hilo kundi wote wanasoma hilo tangazo. Na wewe unaweza kulisoma.

Nyani wetu wa hapa Nairobi ni wale wa rangi ya zeituni, kwa jina la kisayansi Papio anubis. Ukienda Amboseli utapata wa manjano, wembamba kiasi, lakini ishara zao karibu ni zile zile. Wale wa Karura ni kima na mbega, hao hawana hii maneno ya kufura, kwa hivyo usipeleke darubini huko ukitafuta haya.

Enda asubuhi mapema. Nyani hulala juu ya miti mirefu ama kwa majabali, jua likitoka wanashuka polepole, wanaota jua, wanatoana chawa kabla kundi lianze kutembea kutafuta chakula, na hapo wametulia unaona nani amekaa na nani. Zima injini, funga madirisha, usitoe chakula hata ganda la ndizi. Na wale wa kando ya barabara ya kushuka Mai Mahiu mimi siwahesabu sana, kwa sababu wamezoea kuomba, kila kitu wanafanya kinazunguka mkono wa mtu, sasa utajifunza nini hapo.

Sasa ukishalipata kundi usikimbilie kutafuta aliyefura. Tafuta dume mkubwa kwanza. Ni rahisi, ana uzito kama kilo 25, karibu mara mbili ya jike, manyoya ya mabegani ni marefu. Muangalie tu. Kama anakula vizuri, anazunguka kivyake, basi kwake hakuna jambo. Lakini ukiona dume anafuata jike mmoja hatua kwa hatua, jike akisimama anasimama, akikaa anakaa, hata kula hali vizuri kwa sababu kila saa anainua kichwa kuangalia madume wengine wako wapi, hapo umefika. Analinda. Anaweza kukaa hivyo masaa, anaweza kukaa hivyo siku kadhaa, na ndio maana naanza na dume, yeye amekuwa karibu, amenusa, ameangalia tangu juzi, anajua mambo ambayo wewe ukiwa kwa gari huwezi kujua.

Ukitoka kwa dume ndio uangalie makalio ya jike. Vile inaenda ni hivi: homoni ya estrojeni ikipanda, ngozi ya hapo nyuma inashika maji, inafura kidogo kidogo kila siku kwa karibu wiki mbili mpaka inajaa, inang'aa, pinki kabisa. Yai hutoka karibu na mwisho wa huo uvimbe, siku chache tu kabla uanze kushuka. Alafu homoni nyingine, projesteroni, inachukua usukani, uvimbe unanywea haraka, ngozi inabaki na mikunjo, na asiposhika mimba anaanza upya. Mzunguko wote ni kama siku 33. Kwa hivyo jike aliyefura nusu na hana dume nyuma yake pengine bado siku zake hazijafika, na mwenye mikunjo ameshapita. Kuna pia wale wasichana wanaovunja ungo juzi, wakiwa na miaka minne na nusu hivi, wanaweza kufura sana lakini madume wakubwa hawashughuliki nao, utaona ni vijana tu wanawazunguka. Ndio maana ukubwa wa uvimbe peke yake utakudanganya.

Kwa nini madume wanang'ang'ania hivyo? Piga hesabu. Jike akizaa, anakaa karibu mwaka mzima akinyonyesha bila kufura, na mimba yenyewe ni kama miezi sita, na nyani hawana msimu, wanazaa mwezi wowote. Sasa kwa kundi la nyani 50 siku ukija unaweza kupata jike mmoja tu yuko tayari, ama hakuna.

Hapa kuna kitu watu wengi hukosea: jike akigeuza makalio kwa dume si lazima anataka kupandwa. Mara nyingi ni salamu, ama ni kusema sina ubaya na wewe. Hata watoto wanafanya, hata madume kwa madume, wanageuziana, wanashikana nyuma haraka haraka wanaachana. Tofauti utaiona kwa muda na kwa mwili. Salamu ni ya sekunde chache, midomo inapigapiga, kila mtu anaenda zake. Kupandana kwenyewe jike amefura, anasimama, anaangalia nyuma, dume anamshika kiuno na mikono na miguu yake inashika miguu ya nyuma ya jike, na mara nyingi jike anatoa sauti kubwa alafu anaruka mbele.

Uso nao usiusahau. Dume akilaza masikio nyuma, amefinya macho, anapiga midomo, anaita kwa upole. Akiinua nyusi mpaka kope nyeupe zionekane, ama apige miayo akionyesha yale meno marefu ya pembeni, si usingizi huo, anatisha mtu. Na anaweza kuwa anakutisha wewe! Kwa hivyo usimkazie macho, na usimchekee ukionyesha meno.

Sehemu tamu kwangu ni hii, kwamba mwenye nguvu si ndiye anapata kila kitu. Wengi tumekula nyama choma Kikopey pale Gilgil, sasa kwa shamba la Kekopey hapo hapo ndipo mtafiti Shirley Strum alianza kufuata nyani mwaka wa 1972 kabla makundi yahamishwe Laikipia mwaka wa 1984, na akaona madume wageni wenye fujo nyingi hawakuwa wanafaulu kuliko wale wamekaa kwa kundi muda mrefu, wamejenga urafiki na majike na watoto. Gombe kule Tanzania, mtafiti mwingine, Craig Packer, aliandika mwaka wa 1977 vile madume wawili wanaungana kumsumbua anayelinda jike mpaka anamwachia. Kwa hivyo ukiona madume wawili wanaangaliana alafu wanamwangalia wa tatu mwenye jike, usiondoke hapo. Na jike pia ana maoni, akiwa hamtaki anatembea tu, anakimbia, anamchosha. Ukiona dume anatoana chawa na jike mwenye mtoto ambaye hajafura kabisa, huo ni urafiki, pengine mtoto ni wake, na Amboseli ilionyeshwa mwaka wa 2003 kwamba baba husaidia watoto wake wakigombana na wengine.

Kama unaweza kurudi, chagua jike mmoja mwenye alama, sikio limeraruka ama mkia umepinda, uandike tarehe uvimbe wake ulinywea. Ukija baada ya mwezi na siku kadhaa na hajafura tena, angalia ngozi ya kando ya ile sehemu ngumu ya kukalia, kwa mimba inatoka weusi inaendelea kuwa nyekundu. Ikiwa hivyo, hesabu miezi sita kutoka ile tarehe, na mtoto utamjua kwa manyoya meusi na uso wa pinki mpaka afikishe kama nusu mwaka.