Maneno madogo ya Kiingereza yanayotupiga chenga mbele ya wageni

Kiingereza wengi tumekisoma skuli, ila ukisimama Forodhani au Paje hapa Zanzibar na wageni unaona vijineno vile vile vidogo ndo vinatuangusha.

Anza na cheap, hili ndo baya kuliko yote. Sisi tunajua ni bei rahisi basi, mtu anasimama mlangoni kwake anaita "very cheap my friend", kumbe kwa Mwingereza cheap ni rahisi na pia ni kitu hafifu, sasa we una kasha la mvule limechongwa kwa mkono halafu unalitukana mwenyewe. Sema good price, hiyo cheap muachie mgeni.

Spice na spicy nazo, hasa nyinyi wa spaisi tua, mnaotembeza wageni mashamba ya viungo Kizimbani. Spice ni kiungo chochote, karafuu, iliki, mdalasini, hata vanila. Spicy kwa mazungumzo ya kawaida ni kuwasha, pilipili. Mgeni akiona pilau akakuuliza "is it spicy?" usijibu yes kwa sababu ya bizari na karafuu zilizomo, atakimbia na sahani ushapakua! Mwambie "not spicy, but full of spices". Hot ndo lina mambo mawili, moto wa jikoni na ukali wa pilipili, so angalia anazungumzia chai au mishkaki.

Afu umemkaribisha mtu juisi ya miwa akasema "I'm good", usimmiminie, hapo hajakwambia kama mzima, amekataa kwa adabu. "Maybe later" mara nyingi ni hapana vilevile, usimgande mpaka kwenye boti jamani, ndo maana tunaitwa mapapasi, yaani watu wa kuganda watalii.

Borrow na lend kwetu zote kuazima tu. Anayechukua ana-borrow, anayetoa ana-lend. Kwa hiyo peni unaomba "can I borrow your pen?" au "can you lend me your pen?", ile "borrow me" wataifahamu lakini si sawa.

Sorry ni samahani, na kwenye msiba au ugonjwa inakaa mahala pa pole. Akisema "sorry?" kwa sauti ya kupandisha hajakukosea kitu, hajasikia, rudia. Lakini ile pole yetu ya kazi, mgeni kabeba begi zito anapanda ngazi, usimwambie sorry, atasimama akuulize umemfanya nini. Muulize tu "can I help you?" na mkono uwe tayari kwenye begi.