Somo: Kusafisha Hema na Kulitunza Lisiozee Ndani ya Mfuko

Mahema mengi hayachakai kwa kutumiwa. Huozea ndani ya mfuko, yakiwa yamefungashwa na unyevu kidogo ambao mwenyewe aliudharau kwa kuwa alikuwa na haraka ya kuondoka kambini. Ndiyo maana somo hili litakaa zaidi kwenye kukausha, ingawa wengi huanza kwa kuuliza habari za sabuni.

Hatua ya kwanza: Lisimamishe hema, fungua milango yote, kisha ulikung'ute na kulifagia ndani hadi kwenye pembe. Usiruke hatua hii, kwani mchanga ukishalowa hugeuka msasa unaokwaruza utando wa kuzuia maji uliopakwa kwenye kitambaa.

Hatua ya pili: Osha kwa mkono, ukitumia sifongo laini, maji baridi au ya vuguvugu, na sabuni ya maji isiyo kali wala manukato. Ikiwa uchafu uko sehemu moja tu, osha sehemu hiyo tu. Sabuni ya unga na ile ya vyombo huweza kubakiza mabaki yanayokifanya kitambaa kinywe maji badala ya kuyakataa, na mashine ya kufulia hunyonga kitambaa hadi mishono ikaachia. Suuza mpaka povu liishe kabisa.

Hatua ya tatu: Kausha kivulini, mahali penye upepo. Miale ya jua hudhoofisha nailoni na poliesta, hivyo kulianika hema juani kutwa nzima ni kulipunguzia umri. Usiridhike kwa kugusa katikati ya kitambaa, ambako hukauka upesi. Pima kwa vidole kwenye mishono, pindo, pembe za sakafu na vitanzi vya kamba, kwa sababu huko ndiko maji hujificha. Hata hema ambalo halikunyeshewa huwa na umande nje na mvuke wa pumzi za waliolala ndani. Mimi mwenyewe niliwahi kujidanganya kwamba asubuhi ilikuwa kavu, na nilipolifungua hema baadaye lilinuka kuvu kiasi cha kutolalika. Ukilazimika kulifunga likiwa bichi, lifungue na kulitandaza mara tu ufikapo nyumbani.

Hatua ya nne: Piga meno ya zipu kwa mswaki mkavu, futa fito, osha vigingi. Unapokunja fito, anzia katikati, ili uzi wa mpira ulio ndani uvutike sawasawa pande zote.

Hatua ya tano: Hifadhi hema likiwa limelegea ndani ya mfuko mkubwa wa pamba, mahali pakavu pasipo joto. Buti la gari na dari havifai.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, hema langu lina madoa meusi ya kuvu. Je, nitumie dawa ya klorini?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, klorini hudhoofisha kitambaa na utando wake. Jaribu siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, ukianzia mahali pasipoonekana. Kuvu inaweza kufa na doa likabaki; doa peke yake halivujishi maji.

Swali: Upande wa ndani unanata na kubanduka kama ngozi iliyoungua. Kuna tiba?

Jibu: Huo ni utando wa poliyurethani (aina ya plastiki ya kuzuia maji) uliovunjwavunjwa na unyevu na joto kwa muda mrefu, na haurudi ulivyokuwa. Sakafu inaweza kusuguliwa na kupakwa utando mpya, lakini kwa kifuniko cha juu ningekushauri ununue kingine.

Swali: Zamani maji ya mvua yaliteleza juu ya hema, sasa yanalowesha kitambaa. Linavuja?

Jibu: Si lazima. Kinachofanya maji yateleze ni dawa ya upande wa nje, nayo huisha kwa matumizi. Osha kwanza, kisha nyunyizia dawa mpya kwa kufuata maelezo ya chupa. Ukiona matone yakipenya kwenye mshono, tatizo ni mshono, na dawa hiyo haitakusaidia.

Swali: Nimepata tundu dogo. Nitumie gundi gani?

Jibu: Angalia kwanza lebo ya hema. Kitambaa kilichopakwa silikoni hukubali gundi ya silikoni tu. Gundi nyingine hubanduka. Safisha mahali hapo kwa spiriti, acha pakauke, kisha bandika kiraka chenye pembe za mviringo, kwa kuwa pembe kali ndizo huanza kuinuka.