Laptopu ya Linux inapokataliwa na Wi-Fi yenye AP nyingi: anza na logi, si nenosiri

Maalim mmoja wa Langoni alinijia na laptopu kwapani. Hufundisha watu wazima kompyuta kwenye nyumba moja ya wageni hapa Lamu, na kwa siku kadhaa mashine ilikuwa ikimsumbua. "Naandika nenosiri, inaniuliza tena. Simu yangu kwa nenosiri hilo hilo inaingia. Sasa mwanangu, kosa ni langu au la Linux?"

Halikuwa lake. Nimeliona tatizo hili mara nyingi kwenye nyumba zenye AP (vifaa vinavyorusha Wi-Fi) kadhaa zinazoongozwa na kontrola moja, yaani programu au kifaa kinachozisimamia zote, na kila mara watu huanza kwa kubadilisha nenosiri la nyumba nzima. Usifanye hivyo. Fuata njia hii.

Hatua ya 1: hakikisha kadi iko hai

rfkill list
sudo dmesg | grep -i firmware
nmcli device

Kama kadi imefungwa, ifungue kwa rfkill unblock wifi. Kama fimuwea, yaani programu ndogo inayoiendesha kadi, haikupatikana, isakinishe kwanza. Amri ya tatu itakupa jina la kadi. Hapa nitaliita wlp2s0.

Hatua ya 2: soma logi (kumbukumbu za mfumo) wakati inashindwa

Fungua terminali mbili. Ya kwanza:

journalctl -f -u NetworkManager -u wpa_supplicant

Ya pili:

nmcli connection up "Jina la mtandao"

Kuingia kwenye Wi-Fi kuna vituo: laptopu inajitambulisha, inajiunga na AP, pande mbili zinapeana ujumbe 4 wa kuhakiki ufunguo, halafu inaomba anwani ya IP. Tafuta kituo ilipokwama. Ukiona status_code=17, AP imejaa, haipokei mtu mwingine. Ikifika dhcp4, yaani kuomba anwani, na kuishia hapo, ufunguo umekubalika. Acha laptopu, kakague kifaa kinachogawa anwani (seva ya DHCP) na waya unaokwenda kwake.

Kwa Maalim ulitoka mstari huu:

4-Way Handshake failed - pre-shared key may be incorrect

Usome taratibu. Unasema ufunguo huenda si sahihi. Programu haijui; inachojua ni kwamba mazungumzo yalikatika kabla ya ujumbe wa 4. Mawimbi dhaifu hukata mazungumzo hayo vile vile, na hapo ndipo NetworkManager, programu ya Linux inayosimamia mitandao, hukurudisha kwenye kisanduku cha nenosiri.

Hatua ya 3: jua unaongea na AP ipi

nmcli -f SSID,BSSID,CHAN,SIGNAL dev wifi list --rescan yes

Jina la mtandao ni moja, lakini kila AP ina BSSID yake, yaani namba ya kuitambulisha. Linganisha BSSID hizo na orodha ya kontrola. Katika mji wetu hatua hii ina uzito wake. Kuta za matumbawe na chokaa ni nene, na vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Ukivuka vyumba viwili umeshavuka kuta mbili au tatu, na wimbi limechoka.

Tulikuwa tumeketi chini ya AP kabisa, taa yake inawaka juu ya vichwa vyetu. Kwenye orodha ya laptopu haikuwamo! Iliyoonekana ni ile ya dakani, ng'ambo ya kuta, ikiwa na nguvu ya 24 kwa 100. Laptopu ilikuwa ikijaribu kuingia kupitia hiyo.

Hatua ya 4: tazama sheria ya nchi ndani ya kadi (inayoamua chaneli zipi itumie)

iw reg get

Jibu lilikuwa country US. Laptopu ilikuwa ya mtumba, na kadi yake ilikuwa ya 2.4 GHz pekee. Kontrola, kwa kujichagulia, ilikuwa imeiweka AP ya ukumbini, ile ya juu ya vichwa vyetu, kwenye chaneli 13. Nchini Kenya chaneli hiyo inaruhusiwa, lakini kadi iliyofungwa kwa sheria ya Marekani haiisikilizi kabisa. Simu ya Maalim iliisikia bila shida.

Jaribu:

sudo iw reg set KE

Ikikubali, iw reg get itaonyesha KE, na itadumu hadi utakapozima mashine. Baadhi ya kadi hazitii, kwa kuwa sheria ilichomwa ndani tangu kiwandani. Hii haikutii. Basi dawa ikatoka upande wa kontrola: 2.4 GHz ibaki kwenye chaneli 1, 6 na 11 tu. Ndivyo ninavyoweka kila nyumba ya wageni, maana mgeni haji na laptopu uliyoichagua wewe.

Hatua ya 5: kama AP ya karibu inaonekana na bado inakataa

Badilisha kitu kimoja, jaribu, kisha kirudishe kabla ya kugusa kingine. Mtandao unaochanganya WPA2 na WPA3 (aina ya zamani na mpya ya ulinzi wa Wi-Fi) huzitatiza draiva, yaani programu za kuendesha kadi, za zamani, kwa hiyo mimi huanza hapa:

nmcli connection modify "Jina la mtandao" wifi-sec.key-mgmt wpa-psk wifi-sec.pmf 1

Hilo 1 huzima ulinzi wa fremu za usimamizi kwa mtandao huo tu. Mtandao ukiwa wa WPA3 pekee, usiliguse, kwani ulinzi huo ni lazima. Kama unaingia kisha unakatika kila baada ya muda, zima usingizi wa kadi:

nmcli connection modify "Jina la mtandao" wifi.powersave 2

Na kontrola ikiwa inaruhusu mashine kwa MAC, namba ya kadi ya mtandao, weka wifi.cloned-mac-address permanent, laptopu isibadilishe sura.

Hatua ya 6: mpelekee msimamizi ushahidi

MAC ya laptopu, BSSID, saa kamili, na mistari ya logi. Mwombe aitafute MAC hiyo kwenye kontrola na aangalie kiwango cha chini cha mawimbi kinachokubaliwa: kikiwekwa juu mno, AP humfukuza mtu aliye nyuma ya ukuta mmoja tu. Aangalie pia 802.11r, ile ya kuhama haraka kati ya AP, aizime kwa jaribio.

Maalim aliingia dakika chache baada ya chaneli kubadilishwa, akiwa kwenye kiti kile kile, kwa nenosiri lile lile.