Jinsi ya kusoma utabiri wa Agosti na Septemba kaskazini-magharibi mwa Marekani: radi kwanza, moshi baadaye

Kama unaishi Washington, Oregon, Idaho au Montana basi ushaona, ikifika Agosti ile picha ya jua kwenye simu haikusaidii chochote. Imeandika jua na joto 33, unatoka nje unakuta anga la kijivu, macho yanawasha na koo linakereketa. Au imeandika mvua ya radi asilimia 20, unapuuza, siku mbili baadaye mlima wa jirani unafuka moshi.

Shida ni kwamba tunasoma utabiri siku moja moja wakati huku mwisho wa kiangazi mambo yanakuja kwa kufuatana: joto la siku kadhaa, halafu radi, halafu upepo, halafu moshi. Ukijua leo mko hatua gani kwenye mfuatano huo, nusu ya kazi imekwisha.

Achana na picha, ingia weather.gov ambayo ni ya idara ya hali ya hewa ya Marekani, andika jina la mji wako halafu tafuta palipoandikwa Forecast Discussion. Hapo watabiri wenyewe wanaeleza kwa maneno wanachofikiria na wapi hawana uhakika, lugha yake ni ngumu kidogo mwanzoni lakini vumilia, ukisoma wiki moja tu utazoea, na kwa maoni yangu ni bora kuliko apu yoyote ya kulipia.

Kwenye hayo maelezo tafuta kwanza habari ya unyevu unaopanda kutoka kusini. Kuanzia katikati ya Juni mpaka mwisho wa Septemba kuna msimu wa mvua kule Mexico na Arizona, na mara nyingine unyevu wake unasukumwa kaskazini mpaka huku. Ukifika unakuta hewa ya juu ina maji ila ya chini ni kavu kabisa kwa hiyo mvua inaanza kunyesha na kukauka kabla haijagusa ardhi, lakini radi yenyewe inafika chini vizuri tu. Hii ndo radi kavu, na kwa kawaida wanaiita hivyo mvua ikiwa chini ya milimita 2.5. Sasa ile asilimia 20 kwenye simu ni uwezekano wa mvua kupimika pale ulipo, haisemi radi zitapiga ngapi, ndo maana namba ndogo isikutulize. Agosti 2020 California ilipigwa na maelfu ya radi ndani ya siku chache tu na mioto ile ilipoungana, mmoja uliopewa jina August Complex ulipita ekari milioni moja peke yake.

Na usidhani radi zikipita bila moto kuonekana basi mmepona. Moto unaweza kujificha ndani ya gogo au kwenye mizizi siku kadhaa, hata wiki, unasubiri joto na upepo. Kwa hiyo baada ya usiku wa radi, kitu cha kucheki ni upepo wa siku tatu nne zinazofuata.

Upepo hapa una habari mbili. Ya kawaida ni hewa baridi inayoingia kutoka Pasifiki, joto linashuka, watu wanafurahi, kumbe masaa machache kabla na wakati inapita upepo unavuma kwa nguvu na kugeuza mwelekeo, yaani ubavu wa moto uliokuwa umetulia unageuka kuwa mbele. Ya pili haitokei mara nyingi ila ndo mbaya zaidi kwa wa upande wa bahari: upepo wa mashariki unaovuka milima ya Cascade na kuzidi kukauka unaposhuka, kama ilivyokuwa Oregon Septemba 2020. Kumbuka upepo unaitwa kwa kule unakotoka. Ukiona kwenye ramani eneo lako limepakwa rangi ya waridi iliyokolea na limeandikwa Red Flag Warning, maana yake ukavu na upepo (au radi kavu) vimekutana, siku hiyo hakuna kuchoma takataka, hakuna kukata majani makavu kwa mashine, na kama unakaa karibu na msitu gari liwe na mafuta na vyeti viwe kwenye begi.

Radi yenyewe sheria zake fupi. Ukisikia ngurumo uko karibu vya kutosha kupigwa, ingia ndani ya jengo au gari lenye paa la chuma, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mti sio kimbilio. Wanaopanda milima waanze alfajiri wawe wameshashuka kabla ya mchana maana mawingu yale yanajijenga alasiri. Na kama juu yako kuna mlima uliowahi kuungua, mvua kubwa ya nusu saa tu inatosha kushusha tope na mawe, hiyo watu wanaisahau sana.

Haya, moshi. Fungua fire.airnow.gov. Duara ni vipimo vya kudumu, pembetatu ni vya muda, miraba ni vile vidogo watu wameweka majumbani. Namba ni ya ubora wa hewa: mpaka 50 safi, ikipita 100 wenye pumu, wazee, wajawazito na watoto wapunguze kazi za nje, ikipita 150 ni kila mtu, ikipita 300 hapo ni hatari kabisa. Namba ya vipimo vya kudumu inachanganya masaa kadhaa yaliyopita kwa hiyo moshi ukiingia ghafla inachelewa kidogo, macho yako yakiona kilima cha jirani kimepotea amini macho.

Anga jekundu nalo sio kipimo. Tarehe 9 Septemba 2020 San Francisco ilikuwa rangi ya chungwa mchana kutwa, ila moshi mwingi ulikuwa juu, hewa ya chini ikaja kuharibika zaidi siku zilizofuata. Ndo maana ule utabiri wa moshi unaoitwa HRRR-Smoke, wa NOAA (shirika la serikali ya Marekani la bahari na anga), una ramani mbili, moshi wa karibu na ardhi na moshi wa angani wote, wewe angalia ya kwanza. Unaenda mbele mpaka masaa 48 lakini unajua tu mioto ambayo satelaiti imeshaiona, moto utakaowashwa na radi za leo jioni haumo. Kwa hiyo siku ya radi ramani safi haina maana kubwa.

Walio mabondeni wanaamka na moshi mzito kwa sababu usiku hewa baridi inakaa chini na kuufunika, jua likipanda unaanza kuinuka. Usifungue madirisha saa moja asubuhi kwa mazoea, subiri alasiri, cheki namba, fungua ikishuka. Siku mbaya funga kila kitu, weka filta ya MERV 13 (daraja la filta linalonasa chembe ndogo za moshi) kwenye mfumo wa hewa kama mashine inaikubali au ifunge nyuma ya feni ya kawaida, usikaange wala kuwasha mishumaa, na kwenye gari bonyeza ile ya kuzungusha hewa ya ndani. Ukilazimika kutoka vaa N95, ile barakoa ya kuchuja inayobana uso, barakoa ya kitambaa haizuii chembe ndogo za moshi.

Hewa baridi ikishapita na upepo ukatulia kutoka baharini, hapo ndo pa kufungua nyumba nzima na kubadilisha filta. Ila angalia kwanza upepo unatoka wapi hasa, maana ukitoka kaskazini na Canada inaungua, unafungulia moshi mwingine.