Kumfundisha Mwanafunzi Kuchora Ubao Uonekane Ubao

Mwanafunzi anayeanza kuchora samani hulipata umbo la sanduku mapema, lakini ubao wake hubaki kama karatasi iliyopakwa rangi ya kijivu, na kumwambia aongeze kivuli hakumsaidii mpaka aujue ubao wenyewe. Ndiyo maana somo la kwanza nalipeleka karakana ya seremala, ambako kipande kifupi cha msaji (mtiki) kilichopigwa randa kinatosha. Kila mmoja apitishe kidole kufuata nyuzi, yaani mistari ya ubao, kisha kuzivuka, halafu atazame kichwa cha ubao, yaani ncha yake iliyokatwa, zinapoonekana pete za ukuaji wa mti, ili atambue kwamba kila mstari anaouona juu ya ubao ni pete ileile iliyoendelea. Ubao uliopasuliwa kando ya moyo wa gogo huwa na mistari iliyochongoka kama ncha za mikuki. Uliopasuliwa kupitia moyo huwa na mistari iliyonyooka.

Darasani, aanze na umbo kwa penseli ngumu ya H, achague upande mmoja wa mwanga, atie kivuli kwa penseli laini ya 2B, na nyuzi zije mwisho kabisa. Nyuzi hufuata urefu wa kila kipande: za mguu wa kiti husimama, za mbao inayounganisha miguu hulala, na mahali zinapokutana, mabadiliko hayo peke yake huonyesha kiungo. Kwa kipimo cha 1:10, ubao wenye upana wa milimita 200 huwa milimita 20 tu, kwa hiyo mistari michache, mingine ikikatika njiani, hutosha. Akiichora yote, ubao utageuka mweusi.

Sanduku la njumu, yaani la mbao lililopambwa kwa misumari ya shaba, ndilo mtihani mzuri kuliko yote ninayoijua, kwa kuwa shaba na mbao hukaa pamoja. Mbao yenye vanishi hung'aa kwa upana, na kingo za mng'aro wake ni laini. Kichwa cha msumari wa shaba ni kinyume chake: doa jeupe la karatasi tupu, weusi mzito wa penseli ya 4B, iliyo laini zaidi, ukigusana nalo, na chini yake utepe mwembamba wa mwanga uliorudi kutoka kwenye mbao. Madoa hayo yote lazima yakae upande mmoja. Mchoro ukikamilika, uwekwe kando ya sanduku, dirisha lilelile likiviangaza vyote viwili, na mwanafunzi aseme mwenyewe ni wapi penseli ilikosea.